Msalaba Mdogo Pembeni mwa Neno

Mzee Cuthbert Hedley ndiye aliyekuwa mchungaji wa kondoo wa mwisho katika bonde lile la Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, kulitumia neno "thole". Maana yake ni kuvumilia: unaumia, unauma meno, unaendelea na kazi. Watu walilisema tangu kabla Wanormani hawajavuka bahari kuja kuitawala nchi, miaka karibu elfu moja iliyopita, kondoo wakifia thelujini, mama akizika mtoto. Kusini lilishakufa zamani, na hakuna aliyelililia.

Bintiye, Isobel, alitaka jambo moja tu kabla baba hajaondoka: neno hilo liingie kwenye kamusi kubwa likiwa hai, na jina la baba chini yake. Kiharusi kilikwisha kumnyang'anya mzee nusu ya mwili na karibu maneno yote.

Bi Maddison wa kamusi akaja kwa basi, na sheria yake ngumu. Neno halitajwi na mwulizaji wala na mtu mwingine. Mzee alitamke mwenyewe, na Bi Maddison alisikie kwa masikio yake. Bila hivyo linawekewa msalaba mdogo pembeni, alama ya maneno yaliyokufa. Na orodha ilikuwa inafungwa siku hiyo hiyo, Ijumaa.

"Mzee Hedley, mtu akiumia asilalamike, mnasema anafanya nini?"

Midomo ya mzee ilicheza, mate yakamtoka.

"Chai," akasema.

"Chai utakunywa, mzee wangu. Lakini huyo mtu anayeumia?"

Aliuliza mara tatu, kwa njia tatu. Macho ya mzee yakalengalenga machozi. Alijua anachotakiwa kusema, ila hakikufika mdomoni. Isobel uvumilivu ukamwisha.

"Thole, Baba! Si ulikuwa unaniambia kila siku? Thole!"

"Thole," mzee akasema waziwazi, akitabasamu.

Bi Maddison akafunika kalamu. "Umemlisha neno, dada. Siwezi kuliandika kuwa hai."

"Basi andika jina langu mimi! Nalijua tangu utotoni."

"Unalitumia?"

Isobel alifundisha shule jijini Newcastle miaka thelathini, na huko alilionea haya.

"Hapana," akasema.

Bi Maddison alipoondoka, Isobel akamgeuza baba kitandani. Kidonda cha mgongoni kikagusa shuka, mzee akakunja uso. Isobel akaanza kulia kwa sauti. Mzee akamshika mkono.

"Tutathole tu, mwanangu," akasema, bila kuulizwa na mtu.

Isobel akakimbia hadi mlangoni. Basi lilikwisha kuvuka daraja, na barabarani hapakuwa na mtu mwingine wa kulisikia.