Mmoja Kati ya Mia Sita

Kinyozi alikuwa na mdomo usiolala. Wateja walikuja kunyolewa, wakaondoka wamevunjika mbavu kwa kicheko. Kisha kiharusi kikampiga. Mkono ulirudi, mguu ukarudi, maneno yakagoma.

Tangu uchumba alimwita mkewe Kidoti. Sasa Kidoti alikaa naye mlangoni akizungumza peke yake, akiitamani hata ile mizaha iliyokuwa ikimuudhi.

Siku moja akasikia habari ya dawa mpya: wagonjwa kumi waliimeza, sita wakasema tena. Akamkimbilia binti yao, muuguzi katika hospitali iliyokuwa ikiijaribu upya.

"Mwanangu, mtafutie baba yako hiyo dawa."

"Mama, kumi ni wachache mno. Wapo wanaorudiwa na maneno bila dawa yoyote. Wakitokea kuwa wengi kati ya hao kumi, tutaisifu dawa bure. Ndiyo maana sasa wanatafutwa watu mia sita. Kura itaamua nani apate dawa, nani apate kidonge kitupu kisicho na dawa, na hakuna atakayejua kapata kipi hadi mwisho. Wakiwa wengi hivyo, bahati haina pa kujificha."

"Mimi sina mia sita. Nina mmoja."

Jioni binti alikuja kumweleza baba yake. Kinyozi mwenyewe aliitikia kwa kichwa, akaandikishwa.

Wiki zikapita. Asubuhi moja Kidoti alikuwa akimfunga vifungo vya shati, akasikia sauti ya kukwaruza.

"Kidoti."

Akaviachia vifungo. "Sema tena, baba watoto! Sema!"

Hakusema tena. Lakini Kidoti alishampigia binti simu, machozi yakimtoka: "Dawa imefanya kazi!" Binti hakukubali wala hakukataa; alilia naye tu.

Majibu ya jaribio yalipotoka, waliomeza dawa hawakuwazidi wenzao hata kidogo. Na kinyozi, ilibainika, alikuwa upande wa vidonge vitupu.

Binti alikuja nyumbani kuwaambia, akijiandaa kwa kilio. Mama yake akamgeukia mumewe.

"Kumbe uliniita mwenyewe."

Siku hizi wanakwenda kwa mtaalamu anayefundisha watu kusema upya. Kinyozi ameshapata "maji" na "hapana," na hiyo "hapana" anaitumia kweli kweli. Kidoti hukaa nje kwenye benchi, sikio ukutani, na kila sauti ya kiume inapopanda ndani, husimama kana kwamba ameitwa.