Chini ya Karatasi ya Droo

Wanawake tisa walikuwa wameivamia nyumba ya Saloma Raber tangu asubuhi na mapema, na kufikia saa nne hapakuwa na ukuta ambao haujapigwa sabuni. Ibada ya Jumapili ilikuwa inakuja kwake, na wiki mbili baadaye Meza ya Bwana ingeandaliwa hapo hapo. Kwa hiyo huo haukuwa usafi wa kawaida. Majivu yalizolewa, magodoro yakatolewa uani, mapazia yakaanuliwa.

"Saloma!" Fannie aliita kutoka juu ya ngazi. "Kuku nao tuwasugue, au askofu hatafika bandani?"

"Anza na mumeo. Kuku wangu wanaoga."

Wakacheka, na Saloma mwenyewe akacheka kuliko wote. Baadaye alikuja kukichukia kicheko kile, maana wakati huo huo, chumbani kwake, wifi yake Malinda alikuwa akibadilisha karatasi za kutandika droo.

Hakuna aliyemtuma. Mwingine angepangusa vumbi juu ya kabati akapita. Malinda alikuwa mtu wa kufika chini ya kila kitu. Alitoa nguo za droo ya tatu, akabandua karatasi kuukuu, na chini yake akakuta picha ya mtoto mchanga katika kitanda cha hospitali. Mtoto huyo alikuwa Edna, aliyezaliwa na moyo mbovu na kuishi siku kumi na moja, miaka kumi na tisa iliyopita. Muuguzi mmoja aliipiga picha ile na kumtilia Saloma mkononi, bila kuuliza kama Waamishi, watu wa kanisa lao, wanaruhusu picha za watu. Hawaruhusu. Saloma aliificha, na mara moja kila mwaka, siku aliyozaliwa Edna, aliifunua na kuitazama.

Alipoingia jikoni kuchota maji ya moto, alimkuta Malinda anafunga mlango wa jiko la kuni.

"Nimekuondolea jambo, wifi," Malinda alisema kwa upole, akijifuta mikono kwenye aproni. "Lile lililokuwa chini ya karatasi. Angelikuta mwingine, lingefika kwa shemasi. Mimi sitasema neno."

Ilimchukua Saloma muda kuelewa. Alipoelewa, aliufungua mlango wa jiko kwa mkono mtupu. Ndani hamkuwa na cha kuokoa, na kiganja chake kilikuwa kimebabuka.

"Toka."

"Wifi, nimefanya kwa ajili ya roho yako."

"Roho yangu hukuikuta kwenye droo. Toka!"

Jioni hiyo, wakati wa kukamua, alimweleza mumewe Emanuel. Emanuel aliendelea kukamua mpaka ndoo ikajaa.

"Labda ni heri," alisema hatimaye. "Tulikuwa tunavunja kanuni, Saloma."

"Tulikuwa? Wewe hukuitazama hata siku moja."

"Nilijua ilipo."

"Na dada yako sasa anajua isipo."

Emanuel alibeba ndoo yake akaondoka. Saloma alibaki na ng'ombe, kiganja kikimpwita, akitamani ng'ombe yule ampige teke ili apate cha kupigana nacho.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya baraza. Kabla ya Meza ya Bwana kila muumini huulizwa kama anaikubali kanuni ya kanisa na kama ana amani na watu wote, na sauti moja ya kukataa inaweza kuichelewesha Meza kwa watu wote. Kwa siku tano Saloma alikuwa ameyapanga maneno yake kama mtu anayepanga kuni: sina amani, sababu ni hii, aliyefanya ni huyu. Shemasi Roman, mzee mwenye ndevu hadi kifuani, alipita kati ya mabenchi ya wanawake akiinama mbele ya kila mmoja. Akafika.

"Saloma?"

Kuni zote zikaporomoka. Kusema kumekuwa na wizi kulitaka kwanza aseme kilichoibwa, na hapo wangesikia neno picha tu, wasisikie jingine.

"Ninakubali," alisema. "Nina amani na watu wote."

Nyuma yake alimsikia Malinda akishusha pumzi. Hasira, iliyokuwa na anwani moja tu, tangu hapo ikawa na mbili: Malinda, na yeye mwenyewe.

Katika wiki mbili zilizofuata Malinda alileta pai ya maboga, kisha jamu ya matofaa, kisha pai nyingine. Saloma alipokea kila kitu mlangoni, akasema ahsante, akavipeleka zizini. Nguruwe walinenepa.

Siku ya Meza ya Bwana ikafika. Mahubiri yalikwenda tangu asubuhi hadi alasiri. Mkate ulipomfikia Saloma ulipita kooni kama pumba, kwa kuwa alijua ameula juu ya uongo. Kisha zikaletwa ndoo na taulo za kutawadhana miguu. Wanaume walibaki sebuleni, wanawake wakaingia chumbani mwake.

Katika jambo hili hakuna kuchagua. Unamtawadha aliye karibu nawe kwa mpango wa umri, awe rafiki yako au asiwe, na ndiyo maana ya tendo lenyewe. Kati ya Saloma na Malinda walikuwapo siku zote wanawake watatu. Siku hiyo Fannie aliinuka kwenda kumbembeleza mjukuu ambaye hakuwa akilia. Wa pili akakumbuka kahawa. Wa tatu akahamia ng'ambo, eti dirishani kuna upepo.

Saloma alitazama benchi tupu, kisha nyuso zao zilizoinama kwa unyenyekevu mno. Walikuwa wamepanga. Walijua ugomvi upo, ingawa hawakujua ni wa nini, na kwa wema wao wameivunja kanuni iliyokataza kuchagua, ili yeye asiwe na pa kukimbilia. Damu ilimpanda hadi masikioni. Watu hawa, aliwaza, hawawezi kuona droo imefungwa.

Angetoka nje. Badala yake aliinama mbele ya ndoo. Malinda alikwisha kuvua soksi nyeusi na kukaa akiliegemea lile kabati. Saloma akauchukua mguu wake, akautia majini, na vidole vyake vikafunga juu ya kifundo.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Nani?"

"Usinifanye mjinga. Hukuichoma kabla ya kuitazama. Alikuwa amevaa nini?"

Wimbo wa wanawake ulisitasita.

"Wifi," Malinda alinong'ona, "si hapa."

"Ni hapa hapa. Droo ndiyo hiyo nyuma yako." Saloma hakunong'ona. "Naanza kumpoteza. Jana sikukumbuka mkono upi ulikuwa nje ya shuka. Waliomtazama kwenye picha ile ni wawili tu duniani, mimi na wewe. Sasa sema."

Wimbo ulikoma kabisa. Malinda alijaribu kuvuta mguu, haukuvutika.

"Kofia," alisema. "Ya kufumwa. Ya njano."

"Endelea."

"Mkono wa kushoto ndio ulikuwa nje. Kidole kimoja kimejikunja hivi. Na kidevu..." Akakigusa chake mwenyewe. "Ana kidevu cha mama yetu, Saloma. Nilikaa kitandani pako nikamtazama mpaka Fannie akaniita. Hapo nikaogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba nitaitaka."

Saloma alingoja hasira ipungue, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyotarajiwa kupungua mahali kama pale. Haikupungua. Ilikua. Mwanamke huyu aliona kila kitu, akampenda, kisha akamtia motoni.

Alimkausha mguu mmoja, kisha wa pili, taratibu, hadi katikati ya vidole. Halafu akasimama.

"Fannie," alisema bila kugeuka, "wewe uliyetupanga hapa. Tukimaliza, niitie shemasi. Nilimwambia nina amani. Sina."

Saloma alikaa mahali pa Malinda, mgongo kwenye kabati, akavua soksi na kunyoosha mguu juu ya ndoo.

"Zamu yako, wifi. Anza upya, kwenye kofia."

Malinda akainama.