Mama Mazu na Namba ya Nyumba Yangu

Miaka tisa mfululizo Mama Mazu, mungu wa kike wa bahari tunayemwabudu katika hekalu letu, alinikatalia kuolewa na Tek-bing, fundi pikipiki wa mtaa wa nyuma. Kila mwaka, sikukuu ya Mama ikiisha, Tek-bing ananiposa, nami naenda hekaluni kurusha vile vipande viwili vyekundu vya mbao vilivyopinda kama mwezi mchanga. Unapiga magoti, unataja jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani, unauliza, unarusha. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, ni ndiyo. Vyote chali, Mama anacheka. Vyote kifudifudi, hataki. Ndoa inataka ndiyo tatu mfululizo, na mimi sijawahi kuvuka mbili.

Mwaka huu Tek-bing alisema hiyo ndiyo posa ya mwisho. Nikikataa, anahamia mji wa Kaohsiung kwa binti yake. Hakusema kwa hasira. Heri angekasirika.

Asubuhi iliyofuata nafungua duka langu la ubani, tarishi akanipa barua huku akinung'unika. Eti watu bado wananiandikia namba kumi na nne, wakati nyumba zilibadilishwa namba miaka kumi iliyopita na mimi sasa ni thelathini na moja. Nikaduwaa. Hekaluni nilikuwa nataja kumi na nne. Kumbe majibu yote yalikuwa yanakwenda kwa mama muuza tambi, mwenye kumi na nne ya sasa! Nilicheka hadi nikashika meza.

Ila sikutaka kukosea tena. Niliingia chumba cha nyuma ya duka, penye picha ya Mama na vipande vyangu mwenyewe vya mbao, nikapiga magoti, nikauliza kwa adabu: mimi Siok-khim naishi namba thelathini na moja? Mama akakataa. Kumi na nne? Akacheka. Nikarudia thelathini na moja. Ndiyo. Nikashtuka, maana nyumba haihami wakati mtu amepiga magoti. Nikachukua kalamu na kalenda ya mwaka jana, nikaanza kuandika nyuma yake. Nilirusha mara sitini kwa namba mpya: ndiyo ishirini na tisa. Sitini kwa namba ya zamani: ndiyo thelathini na moja. Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasikia joto usoni. Nikarusha mara sitini bila kuuliza kitu chochote. Ndiyo thelathini.

Nikakaa sakafuni. Kwanza niliona hofu, nikaogopa hata kutazama picha ya Mama ukutani. Halafu ikanipanda kutoka tumboni furaha ya kijinga kabisa, ya mtu aliyesukuma mlango miaka tisa akagundua kuwa ni wa kuvuta. Mama hakuwahi kunikataa. Zilikuwa mbao tu, na mbao hazinijui.

Dada yangu Siok-lan akaingia, akaniambia nitamchosha Mama wa watu. Nikamwonyesha hesabu zangu. Akabetua midomo. Mama huwajibu wenye imani, alisema, na mimi nimejaa dharau. Nikamwambia basi arushe yeye, aulize jambo ambalo jibu lake analijua. Siok-lan, bibi wa wajukuu wanne, akapiga magoti na kufumba macho.

"Mama, mimi ni mwanamume?"

Ndiyo. Akakunja uso, akarusha tena. Ndiyo. Mara ya tatu alirusha kwa mikono miwili, kwa nguvu. Ndiyo.

"Hongera, kaka," nikamwambia.

Tulicheka mpaka akalala chali sakafuni akiomba maji. Alipotulia, alijifuta macho kwa pindo la aproni yake, akaishika ile kalenda, akaisoma mstari kwa mstari.

"Miaka tisa, mdogo wangu," alisema. "Sasa bado umekaa hapa unangoja nini?"

Nilikimbia na ndala zangu za dukani. Tek-bing alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki, mikono imejaa grisi. Aliponiona alisimama.

"Mama amesemaje?"

"Sijamwuliza."

Akaweka spana chini polepole. "Basi umeniletea jibu la nani?"

"Langu. Ndiyo."

Akainua kidole kimoja cheusi.

"Moja," alisema.

"Ndiyo."

"Mbili." Akainua kidole cha pili.

Hapo ndipo tulipokuwa tunakwama kila mwaka. Nikavuta pumzi, nikasema ya tatu.