Mshono Usiosagwa

Mwongozo ulikuwa na kurasa hamsini na mbili, na Taratibu alikuwa ameusoma mara nne, hata zile kurasa za mwisho zinazofundisha watu wazima namna ya kuvaa soksi. Ulikuwa wa mafundi wanaotaka kuhamia ng'ambo, na aliyeuandika, ungeapa, hajawahi kushika hata nyundo.

Ukurasa wa tano ulidai cheti cha chuo cha ufundi. Taratibu hakuwa nacho. Kuchomelea vyuma alifundishwa na baba mkwe wake, miaka kumi na tisa iliyopita, kabla hajawa mkwe. Ukurasa wa sita ukasema asiye na cheti alete barua ya mwajiri yenye mhuri. Mwajiri wake alikuwa mzee huyo huyo, na hakuwa na mhuri, alikuwa na chaki. Wakaenda kuchongesha mhuri. Barua ikarudishwa: mhuri ni wa duara, unatakiwa wa mstatili. Wakachongesha wa mstatili. Barua ikarudishwa tena kwa sababu sasa ilikuwa na zaidi ya miezi mitatu. Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa, huzaa dume. Mwaka wa kwanza ukaishia hapo.

Na wala hakuwa anakimbilia raha. Mkewe alikuwa muuguzi huko ng'ambo, mwaka wa nne sasa, pamoja na binti yao aliyeondoka akiwa hajaanza kutembea. Mtoto sasa alikuwa na miaka minne, na alimwita Taratibu "baba wa simu", kwa kuwa kila alipomwona alikuwa uso na mabega tu, hana miguu. Mkewe alicheka mara ya kwanza aliposikia. Mara ya pili hawakucheka wote wawili. Lakini nchi ile haikupokea waume, ilipokea mafundi, na ili uwe fundi lazima wao wakubali kwamba wewe ni fundi.

Likabaki jaribio la mkono. Ofisi ya mafundi iliyosimamia maombi ilimletea mabamba mawili ya chuma, kila moja limegongwa namba yake, seti moja kwa kila mwombaji, hakuna ya akiba. Mkaguzi akaja karakana siku ya Jumatano, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamtazama Taratibu akiyaunganisha. Alifanya kazi kama jina lake. Alipoinua kinga ya uso, ule mstari wa chuma kilichoyeyuka, ambao mafundi huuita mshono, ulikuwa umelala sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Mkaguzi akaukodolea macho, akasaini.

"Tuma mwenyewe kesho," alisema. "Mimi siruhusiwi kubeba, wataona nakupendelea. Na usiuguse. Uende mbichi hivyo hivyo, maabara wanataka kuusoma mshono wenyewe."

Hapo ndipo penye shida. Baba mkwe wake, ambaye wateja walimwita Kioo, hakuwahi kuruhusu mshono mbichi utoke kwenye mlango wa karakana yake. Wewe ungechomelea geti, yeye angelisaga kwa grenda mpaka kiungo kikapotea, angeziba vitundu kwa puti, angepiga msasa, angepaka rangi ya fedha. Ukipitisha kidole hupajui palipounganishwa. "Kazi yenye kovu ni kazi ya mwizi," alikuwa akisema, na wala hukuthubutu kuuliza mwizi anachomelea wapi.

Mzee hakuwapo Jumatano. Alikuwa ameshinda siku tatu kwa mteja mmoja, anafunga ngazi. Tangu apewe tarehe ya jaribio, Taratibu alikuwa na wiki sita za kumweleza mapema, na kila siku aliahirisha. Ungeanzia wapi kumwambia mkweo kwamba kule wanataka kazi aliyokukataza maisha yako yote? Alinyamaza kwa heshima. Akaandika kwenye kadibodi USIGUSE kwa herufi za kiganja kizima, akaiweka juu ya bamba, akafunga karakana.

Asubuhi alichelewa, maana ukurasa wa arobaini na moja ulitaja vipimo vya boksi, na boksi la vipimo hivyo hakuna aliyekuwa nalo. Mtu wa vifurushi alikuwa anakuja saa tatu. Taratibu alifika saa mbili na robo, boksi kichwani, akakuta mlango uko wazi na harufu ya rangi mbichi.

Kioo alikuwa ameketi kando ya meza, anapuliza vumbi kwenye miwani yake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone."

Bamba lilikuwa linang'aa. Mahali pa mshono hapakuwa na mshono. Hapakuwa na kitu, ni chuma kimoja laini chenye rangi ya fedha, na namba zote mbili zilikuwa zimefukiwa kwa puti.

"Nilirudi jana jioni nikasikia walikuja kukupima," mzee alisema. "Nikasema niwahi. Nikakuta umeiacha haijamaliziwa, na leo ndiyo inaondoka. Nikajua umechoka. Nimeanza saa kumi na mbili. Hao wakiiona watauliza ilichomelewa wapi."

"Baba, hukuona kadibodi?"

"Niliiona. Si ya wateja hiyo?"

Taratibu aliweka boksi chini. Akaitoa simu, ile iliyokufa sikio na kubaki na spika tu, akapiga ofisi ya mafundi. Mama aliyepokea alikuwa na sauti laini, na ule ulaini ndio uliomuudhi zaidi.

"Kipande kimesagwa?" aliuliza.

"Kimesagwa, mama, lakini mkaguzi wenu aliuona mshono kabla."

"Mkaguzi anaangalia mkono. Mshono unaangaliwa na maabara. Naomba usome ukurasa wa thelathini."

"Nimeusoma. Naomba mabamba mengine tu. Nichomelee leo hii, mje mkae hata kumi."

"Ukurasa wa thelathini," mama alisema, kisha akamsomea, kwa upole, kana kwamba yeye hajui kusoma: kipande kilichosagwa kitahesabiwa kimefeli, kwa kuwa kusaga ni njia ya kuficha kosa. Mwombaji ataomba upya baada ya miezi minane. Akamtakia siku njema, akakata.

Spika ilikuwa imemwambia mzee yote.

"Kuficha kosa?" Kioo aliuliza polepole. "Mimi?"

Taratibu alikuwa na hasira mpaka meno yanamuuma, na hakuwa na pa kuipeleka. Angekuwa mtu mwingine angemtukana. Angekuwa mtu mwingine angelitupa bamba barabarani. Huyu alikuwa baba wa mkewe, na alikuwa amedamka kumsaidia.

"Mwanangu," mzee alisema, "kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Si koleo lililovunjika, Baba!" Ilimtoka kabla hajaizuia. "Ni mtoto wangu. Miezi minane na karatasi zote zinaisha muda, naanza tena na mhuri. Atakuwa anaanza shule, na mimi bado sina miguu. Nani alikutuma uguse?"

Hakuwahi kumpandishia sauti tangu amjue. Wote wawili walishtuka. Mzee alivua miwani, akaivaa tena.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Kwamba kule wanataka ile unayoiita kazi ya mwizi?"

"Ungeniambia hivyo hivyo," mzee alisema. "Ningekasirika siku mbili, basi. Siku mbili."

Hilo lilimchoma Taratibu kuliko miezi minane, maana lilikuwa kweli. Wiki sita alikuwa nazo.

Mtu wa vifurushi alikuja saa tatu kamili, siku moja katika mwaka ambayo hakuchelewa. Wakamrudisha mikono mitupu. Dakika chache baadaye simu ikaita, na jina la mkewe likatokea. Taratibu aliitazama tu inavyotetemeka mezani. Mzee ndiye aliyeipokea.

"Mwanangu, ni mimi baba yako. Usimuulize mumeo kitu. Kazi yake ilikuwa nzuri, mkaguzi mwenyewe alisaini. Mimi ndiye niliyeiharibu. Nimeisaga."

Binti yake alikulia karakana hiyo.

"Ukaziba na puti?" aliuliza.

"Nikaziba."

"Na rangi?"

"Na rangi."

"Ya fedha."

"Ya fedha, mwanangu."

Ikasikika pumzi, na hawakujua kama anacheka au analia. Halafu sauti ndogo ikaingia karibu kabisa na simu: "Baba wa simu, umeshapanda ndege?"

Mzee akamsukumia Taratibu simu, akachomoa waya wa grenda ukutani, akaifungia ndani ya kabati la vifaa, na kumwekea ufunguo kiganjani. Kisha akatoka nje. Taratibu aliukunjia vidole, na mtoto akauliza tena.