Swichi Iliyopelekwa Altareni

Kipriani, fundi wa pampu ya maji ya zahanati huko Kibondo, aliingia Kasulu akiwa na vumbi la lori hadi kwenye kope na ndoto moja tu kichwani: hataza, ile hati ya serikali inayosema kitu hiki kilibuniwa na fulani. Nani asiyependa jina lake lipigwe muhuri? Njia nzima alikuwa akilitamka neno hilo polepole, kama mtu anayeonja asali.

Alikiweka kisanduku chenye swichi aliyoibuni mezani kwa Rashid, afisa biashara kijana aliyehamishiwa huko kutoka Tanga.

"Mzigo ukizidi, inakata umeme, mota isiungue," alieleza. "Hizo zipo. Hii yangu inangoja mota ipoe, halafu inajirudisha yenyewe. Ikijaribu mara tatu ikashindwa, inabaki imezima."

"Wazo la kungoja ulilitoa wapi, mzee wangu?"

"Kwa mke wangu, Vestina. Tukigombana alikuwa akienda zake mgombani. Hasira ikipoa, anarudi mwenyewe bila kuitwa."

Rashid alicheka, akaandika. Kisha akauliza, "Umewahi kuionyesha hadharani?"

"Imana, Mungu mwenyewe, ni shahidi! Misa ya mavuno, mwaka tisini na nne. Wenzangu walipeleka ndizi na maharagwe altareni, mimi nikapeleka hii. Nikaifungua, nikaeleza kila waya. Vestina alinishikia kifuniko."

Kalamu ya Rashid ikasimama. Hataza, alisema kwa upole, hutolewa kwa kitu kipya, na kilichofunuliwa mbele ya watu miaka mitatu iliyopita si kipya tena. Akaisogeza fomu. "Hapo pa ndiyo au hapana unajaza wewe, mzee. Mimi kanisani sikuwepo."

Jamani, neno moja tu! Kipriani aliishika kalamu, na chumba kikamtoweka machoni. Akaona kanisa linalonukia ndizi mbivu, na Vestina ndani ya kitenge cha kijani, amekikumbatia kile kifuniko kama mtoto aliyetoka kubatizwa. Yalikuwa mavuno yake ya mwisho. Akiandika hapana, siku ile haikuwepo.

Akaandika "ndiyo", na machozi yakamtoka bila haya.

Kesho yake mchana, Kibondo, pampu aliyoirudishia swichi yake ilivuta tope, ikazidiwa, ikanyamaza. Akina mama wakatua ndoo. Kipriani alikaa chini, akaitazama njia ya mgombani, akangoja. Swichi ikajirudisha, maji yakaanza kumiminika, ndoo zikajaa moja baada ya nyingine. Yeye aliendelea kukaa, macho njiani.