Mchungwa wa Kathini Umechanua

Ndila alipiga kelele hadi majirani wake wa Mbumbuni wakadhani ameona nyoka.

"Umetoa maua! Njooni muone!"

Nani angemlaumu? Mchungwa huo bintiye Kathini aliupandikiza kwa mikono yake juu ya shina la mlimau, akafariki mwezi wa tatu kabla haujatoa hata ua moja. Sasa mvua ya Novemba imenyesha wiki mbili tu, na matawi yote meupe! Na ile harufu! Ndila aliuzunguka mti mara tatu akicheka peke yake, mama wa miaka hamsini na minane, shemasi mzima wa kanisa.

Shemasi wa jina, tuseme ukweli. Tangu mazishi, midomo yake iliomba na moyo haukuwemo. Siku moja hospitalini, mchungaji alipokuja kuomba, Kathini aligeukia ukuta, na kesho yake akafa. Ndila hakumwambia mtu. Kila alipopiga magoti, swali lilikuwa lile lile: mtoto wangu alikufa amemkasirikia Mungu?

Lakini leo ni leo. Alikimbilia simu ya Kathini. Kioo chake kilivunjika siku za msiba, na fundi aliyekibadilisha juzi alifuta kila kitu. Lilibaki kundi moja la WhatsApp, la wapenzi wa haiku: unatuma picha na mistari mitatu, silabi tano, saba, tano. Kathini alimfundisha mchezo huo wakichambua ndengu. Ndila akapiga picha kumi na saba, nyingi zikiwa za kidole chake. Akahesabu silabi, akakosea, akahesabu tena, akatuma:

Ua la kwanza
mpandaji hayuko
nyuki wamwita.

Simu ikaanza kulia mfululizo.

"Kathini! Ulipotelea wapi?"

"Tumekutafuta mpaka tukachoka!"

Kumbe hawakujua. Akaandika: "Mimi ni mama yake. Kathini alituacha mwezi wa tatu."

Kisha mtu akapiga simu.

"Mama, naitwa Nasteho, tuko na duka hapa Emali. Pole sana, Mama. Mimi na Kathini hatukuwahi kuonana, lakini haiku tulikuwa tunatumiana kila siku. Ile ya mwisho alinitumia akiwa hospitali. Uko nayo?"

"Sina kitu, mwanangu. Simu ilifutwa."

"Basi ngoja, usikate."

Picha ikafunguka polepole. Ilipigwa kutoka kitandani. Ilionyesha kiti cha plastiki, na juu yake Ndila mwenyewe amesinzia, leso imemwanguka begani, mkono ameunyoosha kumshika mgonjwa. Chini yake:

Tone kwa tone
dawa yashuka, Mungu
yuko kitini.

Tarehe ilikuwa ile ile aliyokuja mchungaji, jioni yake. Ndila aliketi chini kwenye tope, akalia na kucheka kwa pamoja.

"Ngai wakwa! Mungu wangu!"

"Mama? Mama, uko hapo?"

"Niko, mwanangu," alisema Ndila. "Niko."