Ng'ombe wa Kucha Tatu

Mimi hukata kwato za ng'ombe. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na tano, nikashika kisu, na hadi leo nikiingia kwenye zizi la mtu simsikilizi anachosema. Natazama miguu. Mwenye zizi anaweza kukudanganya, lakini kwato iliyoachwa miezi sita inajisema yenyewe.

Binti yangu Mizuho anataka kuwa muuguzi wa mbwa na paka. Ng'ombe hawataki, anasema ameshawanusa vya kutosha. Zilibaki shule mbili. Moja iko jiji la Sapporo, mwendo wa saa sita kwa gari kutoka kwetu, maana yake angehama. Nyingine iko karibu, angelala nyumbani na kuniudhi kila asubuhi kama kawaida. Masomo ni yaleyale na mtihani wa taifa ni uleule.

"Baba, mimi nitakagua madarasa," aliniambia. "Wewe kagua kucha za mbwa wao wa mazoezi. Ukisema mbaya, siendi, hata kama nimeipenda. Ila useme kweli."

Mama yake alicheka mpaka akaweka chini bakuli la supu. "Huyo? Huyo atakagua umbali!"

Sapporo tulikwenda mwezi wa sita. Jengo la zamani, ngazi zinalia, chai ya baridi kwenye vikombe vya karatasi. Mbwa wao anaitwa Goma, mzee, masikio yamelegea. Niliinua mguu mmoja baada ya mwingine, yote minne. Hata ukucha wa pembeni, ule ambao wavivu huusahau, ulikuwa umekatwa. Nilikasirika.

"Vipi?" Mizuho akauliza.

"Si mbaya."

"Wewe ukisema si mbaya, mtu mwingine angepiga makofi."

Jumapili iliyofuata tukaenda shule ya karibu. Vioo kila mahali, mlango unafunguka wenyewe. Niliipenda kabla sijavua viatu. Mizuho na vijana wengine waliokuja kuitazama shule wakapelekwa kujifunza kufunga bendeji kwenye mbwa wa kitambaa. Sisi wazazi tukawekwa chumba kingine, mwanafunzi mmoja akatuletea mbwa wa kweli, mweupe, amefungwa utepe shingoni. Nikainua mguu wa mbele. Kucha zilikuwa ndefu, zimeanza kupinda, na alipouvuta mguu akanichana mgongo wa mkono wa kulia. Nikautia mkono mfukoni.

Njiani niliendesha kwa mkono wa kushoto, wa kulia nimeuficha upande wa mlango.

"Kucha?" akauliza.

"Safi."

"Safi tu?"

"Safi sana."

Akageuka kuniangalia. Ana miaka kumi na minane na hajawahi kunisikia nikisema kitu chochote ni safi sana.

Tukasimama kula kwenye mgahawa mdogo. Kwa ujinga wangu niliagiza tambi. Nikashika vijiti kwa mkono wa kushoto, tambi ya kwanza ikaanguka kwenye mchuzi, ya pili kwenye suruali.

"Tangu lini unakula kwa kushoto?"

"Wanasema inasaidia ubongo."

"Ubongo upi? Toa mkono, Baba."

Nikautoa.

"Ni ng'ombe," nikasema. "Juzi, kule zizini kwa mteja wangu Hatakeyama."

Akainama, akaanza kuhesabu mistari ya kucha kwa sauti mpaka mama mwenye mgahawa akageuka. "Moja, mbili, tatu. Ng'ombe ana kucha mbili kila mguu, wewe ndiye uliyenifundisha. Kwa Hatakeyama amezaliwa ng'ombe wa kucha tatu na hukutuambia? Si tungeita watu wa televisheni!"

Nikanywa mchuzi.

"Ndefu," nikasema mwishowe. "Zimepinda. Ule wa pembeni umebakiza kidogo uingie nyamani."

"Na za Goma?"

Hapo ndipo paliponiuma kuliko mkono. "Fupi. Zimekatwa vizuri kama ninavyokata mimi. Karibu."

Nilidhani atashangilia. Aligeuzageuza tambi zake kwenye bakuli. "Saa sita si mbali, Baba. Wewe ulisafiri mwendo wa saa nane kwenda kununua kisu."

"Kile kilikuwa kisu kizuri."

"Na mimi je?"

"Si mbaya," nikasema.

Akacheka, macho yameloa kidogo. Kisha akatoa bendeji aliyopewa kule shuleni, akanisafisha mkono kwa kitambaa cha maji moto, akaanza kufunga. Akafunga kifundo, akafunga kiganja, akapita kidole kimoja kimoja.

"Yote hii kwa mchubuko?"

"Nafanya mazoezi. Tulia, nisije nikakufunga na mdomo."

Alipomaliza, mkono wangu ulikuwa kama mguu wa tembo. Aliutazama, akaridhika, akamwita mwenye mgahawa.

"Mama, samahani. Tunaomba uma wa mtoto."

Ukaletwa, una kichwa cha sungura. Nikaushika kwa kushoto, nikala.